Mtandao upi? Jinsi biashara ya kuandikishana inavyojitangaza kwenye simu zetu

Neno mtandao limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili cha leo. Linataja intaneti. Linataja rezo ya simu, ile inayopotea mvua ikinyesha. Linataja pia mnyororo wa watu wanaojuana na kusaidiana. Kifaransa kimegawa kazi hiyo: kuna internet, na kuna réseau. Sisi tunatumia neno moja, na ndani ya neno hilo moja imeingia biashara isiyopenda mwanga mwingi. Mtu akikuambia, "Mimi ninafanya biashara ya mtandao," unaweza kuelewa kwamba anauza viatu kwenye Facebook. Kumbe anataka kusema kwamba ameandikishwa katika kampuni inayouza bidhaa zake kwa mikono ya wanachama, ambapo kila mwanachama huleta wanachama wengine chini yake na kupata sehemu ya pesa wanazoingiza. Hiyo ndiyo Wafaransa wanaita marketing de réseau. Kazi hizo mbili zote hufanyika kwenye simu, lakini hazifanani hata kidogo, na yule anayekualika hana haraka ya kuzitenganisha.

Makala hii inahusu hiyo ya pili. Pengine msomaji atauliza inahusu nini kitivo cha lugha. Si ni kazi ya wenzetu wa uchumi? Jibu ni kwamba biashara hii ikishaingia kwenye simu hubaki na chombo kimoja tu, nacho ni lugha. Hakuna duka wala meza ya sokoni, na bidhaa yenyewe huwezi kuishika mkononi. Kuna ujumbe, sauti iliyorekodiwa, picha na maneno yaliyoandikwa juu yake. Tena mwanafunzi wa kitivo chetu ni windo la thamani. Anajua Kifaransa, anajua Kiswahili cha kitabuni na cha mtaani, anaweza kutafsiri karatasi za kampuni na kuzisoma kwa sauti inayovutia, na ana namba za promosheni nzima kwenye simu yake.

Pesa inatoka wapi

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu maneno yatatushinda. Chukua kampuni ya kubuni. Inauza kifurushi cha sabuni, dawa ya meno na majani ya chai kwa dola 100, na kila anayekinunua anakuwa mwanachama mwenye haki ya kuandikisha wengine. Kwa kila mtu aliyemleta mwenyewe analipwa dola 20. Kwa kila mtu aliyeletwa na wale aliowaleta analipwa dola 5. Wa kwanza analeta 5. Hao 5 wanaleta 25, hao 25 wanaleta 125, hao 125 wanaleta 625. Tuseme hapo mnyororo unasimama kwa sababu kitivo kizima kimekwisha. Jumla yao ni watu 781.

Sasa tuwaangalie mmoja mmoja. Wale 625 wa mwisho hawana wa kumleta: kila mmoja ametoa dola 100 na amebaki na sabuni. Wale 125 walio juu yao wamelipwa dola 20 mara tano, yaani dola 100 kamili. Wamerudishiwa walichotoa, bila faida, na unite, mega na siku walizopoteza kuhangaika hakuna aliyezilipa. Wanaobaki ni 31. Hao wamepata faida, dola 125 kila mmoja. Kampuni imepokea dola 78,100 na imelipa wanachama dola 19,475. Salio ni lake, ukitoa gharama ya sabuni.

Watu 625 kati ya 781 ni wanne kati ya watano. Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalioni: ukiongeza ngazi nyingine chini, sehemu hiyo haibadiliki. Wale 625 watapanda, lakini chini yao watahitajika 3,125, nao pia watakuwa wanne kati ya watano wa jumla mpya. Kwa hiyo anayesema "mtandao ukikua, sote tutafaidika" anasema kitu ambacho umbo la mtandao wenyewe linakikataa. Kukua hakupunguzi walio chini. Na hakuwezi kuendelea: baada ya kuzidisha kwa 5 mara 12, ngazi ya chini peke yake ingehitaji watu 244,140,625, zaidi ya mara mbili ya Wakongomani wote, watoto wachanga wakiwemo.

Hesabu hiyo inadhani kwamba hakuna anayenunua sabuni isipokuwa wanachama. Ikiwa wako majirani wanaoipenda sabuni ile, wanaoinunua kwa bei yake bila kuahidiwa chochote, mambo yanabadilika, kwa sababu pesa inaingia kutoka nje ya mnyororo. Huo ndio mpaka ambao sheria za nchi mbalimbali zimejaribu kuuchora. Mwaka 1953 Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya mauzo yaliyoitwa "à la boule de neige", donge la theluji linalonenepa kadiri linavyoporomoka (picha nzuri kwa Mfaransa, kwetu theluji ni ile ya juu ya Ruwenzori tu, nayo haiporomoki mpaka mlangoni pa mtu). Huko Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, ilitoa mwaka 1979 uamuzi wake kuhusu Amway, kampuni iliyoanzishwa Michigan mwaka 1959. Tume iliona kwamba Amway si piramidi, kwa sababu malipo yake yalifungwa kwenye mauzo, na wanachama walikuwa na masharti ya kuuza kweli kwa wateja, pamoja na haki ya kurudisha mali isiyouzika. Lakini uamuzi uleule uliikataza kampuni hiyo kutia chumvi kuhusu kipato cha wanachama. Wanaoitangaza kazi hii hupenda kutaja nusu ya kwanza ya uamuzi huo. Nusu ya pili inahusu maneno, kwa hiyo inatuhusu sisi zaidi.

Likelemba si piramidi

Katika mazungumzo husikika hoja kwamba "hata wazazi wetu wanafanya likelemba, na hii ni hivyohivyo". Hoja hii inastahili kujibiwa vizuri, kwa sababu inatumia kitu kizuri cha nyumbani kama koti la kitu kingine. Katika likelemba watu 10 wanajuana, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 10, na mmoja anachukua 100. Baada ya miezi 10 kila mtu ametoa 100 na amepokea 100. Duara limefungwa. Haliitaji mtu wa 11. Anayechukua mwisho amepoteza subira, hajapoteza pesa. Mnyororo wa kuandikishana, kinyume chake, hufa siku ileile mtu mpya anapokosekana.

Ndugu zetu wa Tanzania wana neno upatu, ambalo kwa asili ni kitu kilekile cha likelemba. Lakini huko neno hilo limeanza pia kutumika, hata kwenye maneno ya sheria, kwa michezo ya piramidi. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, shirika lililokuwa likiendeshwa na wachungaji, ambapo watu "walipanda" pesa na kungoja "kuvuna". Hakuna aliyeambiwa "wekeza". Kitenzi kilitoka shambani na kanisani, mahali ambapo kupanda bila kuvuna ni jambo la mvua na la Mungu, na hakuna wa kudaiwa hesabu. Mchezo wa MMM wa Mrusi Sergei Mavrodi, ulioenea Afrika miaka ya 2015 na 2016, ulifanya vilevile kwa maneno mengine: kuweka pesa kuliitwa kutoa msaada, kutoa pesa kuliitwa kupata msaada. Desemba 2016 akaunti za Nigeria zilifungwa. Anayetaka kujua biashara fulani ina nini aangalie kwanza kitenzi ilichokikwepa.

Sisi wenyewe tulitangulia. Mwaka 1991, mjini Kinshasa, watu walipeleka pesa kwa Bindo Promotion na kwa mashirika mengine yaliyoiga mfano wake, wakitumaini kurudishiwa maradufu na zaidi. Yote yaliporomoka mwaka uleule, kabla ya uporaji wa Septemba. Bindo haikuwa biashara ya kuandikishana kwa maana kamili. Haikumpa mtu ngazi wala haikumtuma kutafuta watu. Ilijitangaza kwa mdomo na kwa foleni zake. Lakini jina lake limebaki likimaanisha pesa iliyopotea kwa tamaa ya wengi, na ndiyo maana matangazo ya leo hupenda kuanza kwa kukana: "Hii haiko Bindo." Muuza nyanya hasemi kwamba nyanya zake si sumu.

Ujumbe wenyewe

Nitaweka hapa mifano miwili. Sikuitoa kwa mtu. Nimeiunga mwenyewe kwa mtindo ambao kila msomaji ataufahamu. Wa kwanza unakuja faraghani:

"Jambo yaya. Habari ya masomo? Mama alishapona? Yaya, niko na kitu moja, nilikufikiria weye wa kwanza. Haiko ya kusema kwa message. Uko libre leo saa moja ya mangaribi? Kuko conférence moja, dakika 40 tu. Usiniulize mingi, kuja usikie weye mwenyewe."

Wa pili umewekwa kwenye statu ya WhatsApp, juu ya picha ya mtu aliyekaa ndani ya gari:

"Wengine wako wanalalamika, siye tuko tunaingiza. Tangu nyumbani, na simu tu. Unaweza kupata hadi dola 500 kwa mwezi. Nafasi 7 zimebaki. Andika: NIKO TAYARI."

Katika ujumbe wa kwanza tuangalie salamu. Salamu ya Kiswahili si mlango wa kupita haraka. Inauliza nyumba, afya, kazi, na mwenye kusalimiwa hujibu kweli: mama bado anaumwa, malipo ya masomo hayajakamilika. Kwa hiyo, kabla neno la biashara halijatajwa, mwalikaji tayari anajua shida iko wapi, na huko ndiko atakakoielekeza ahadi yake. Sisemi kwamba anaigiza. Mara nyingi ni rafiki wa kweli, na mama yako anamjali kweli. Tatizo ni kwamba karatasi alizopewa zinamwambia aandike orodha ya watu 100 anaowajua, aanze na wa karibu, asalimie kwanza. Urafiki wake ni wa kweli, lakini ratiba yake imepangwa na mtu mwingine.

Kisha neno yaya. Kwetu mtu hakatai kwa urahisi ombi la anayemwita yaya, au mukubwa, au mama, maana neno hilo linamweka mahali pa mlezi. Kukataa biashara ni jambo dogo; kukataa uyaya ni jambo kubwa. Mwalikaji ameyafunga pamoja. Baadaye, ndani ya kundi, mambo hugeuka: aliyekuleta anakuwa "leader" wako, na aliye juu yake anaitwa "papa". Ukoo mzima umejengwa ambamo mkubwa hapokei heshima peke yake, anapokea pia asilimia.

"Haiko ya kusema kwa message." Sentensi hii ndiyo moyo wa ujumbe wote. Bidhaa yoyote duniani inaweza kusemwa kwa ujumbe: sabuni, franga kadhaa, ipo au haipo. Kisichoweza kusemwa kwa maandishi ni kile ambacho maandishi yake yangehifadhiwa, yangesomwa mara ya pili na kuonyeshwa kaka mwenye akili ya hesabu. Ndiyo maana mwaliko unakupeleka kwenye mkutano wa Zoom au kwenye sauti ya dakika kadhaa: huko maneno hupita, na maswali yana zamu yao mwishoni, wakati mega zinakwisha.

Ujumbe wa pili ni darasa la sarufi. "Siye tuko tunaingiza": kitenzi kuingiza hakina chanzo. Pesa inaingia, kama vile mvua inavyonyesha. Kiswahili kinaruhusu kabisa kusema "pesa imeingia" bila kumtaja aliyeitoa, na tangazo linakaa hapohapo kwenye ruhusa hiyo. Muulize mwandishi swali moja la kisarufi, "imetoka kwa nani?", na biashara nzima inalazimika kujieleza: imetoka kwa mnunuzi wa sabuni, au imetoka kwa mwanafunzi mwingine aliyeandika NIKO TAYARI mwezi uliopita.

"Unaweza kupata hadi dola 500." Hapa kuna ngao mbili ndani ya maneno manne. Unaweza haina maana ya utapata. Hadi inaruhusu kila kiasi kuanzia sifuri. Mtu aliyepata dola 2 hawezi kusema kwamba amedanganywa, kwa sababu 2 iko ndani ya "hadi 500". Kwa mantiki tangazo halisemi kitu. Kwa sikio linasema 500.

Sentensi inayoniudhi zaidi haimo kwenye mfano wangu, lakini huja baadaye ndani ya kundi: "Ukijituma, utafanikiwa." Umbo la -ki- linaonekana kama baraka tu. Ligeuze kinyume, kama tunavyofanya kwenye darasa la mantiki: hukufanikiwa, basi hukujituma. Wale 625 wa chini, ambao hesabu iliwaweka pale kabla hawajazaliwa kwenye mtandao, wanaambiwa kwamba wako pale kwa uvivu wao. Wengi wanaamini. Ndiyo sababu husikii malalamiko yao: anayeona haya hashitaki. Anaacha kundi kimya, na rafiki aliyemleta anapotea kwenye salamu zake.

Kuhusu "nafasi 7 zimebaki" sina mengi. Biashara inayotaka watu wote wa dunia haiwezi kuwa na nafasi 7.

Kuna pia msamiati wa tafsiri: uhuru wa kifedha, kuamka, akili ya tajiri, kujiajiri. Neno uhuru lilifika kwa babu zetu na uzito wa tarehe 30 Juni 1960. Limepewa hapa kazi ya kumaanisha kutokuwa na bosi, wakati mwanachama wa ngazi ya chini ana watu wanne au watano juu yake wanaokula kwenye jasho lake. Mtafsiri aliyeandika "uhuru wa kifedha" hakukosea kamusi. Alifanya kazi yake vizuri mno.

Simu imebadilisha nini

Zamani kazi hii ilifanyika sebuleni: mtu anakualika, anapika chai, anachora duara kwenye karatasi. Kampuni kubwa ziliona mapema faida ya intaneti; wenye Amway walifungua Quixtar, mauzo kwa intaneti, mwaka 1999. Simu imeongeza mambo mawili. La kwanza ni kasi. La pili, ambalo naona ni kubwa zaidi, ni kwamba mwaliko sasa unavaa sura ya maisha ya mtu. Statu ya WhatsApp hudumu saa 24, na ndani yake picha ya harusi ya binamu, sala ya asubuhi na picha ya dola kitandani zinafuatana bila mpaka. Tangazo la redio lilikuwa na muziki wake. Ulijua limeanza na ulijua limekwisha.

Wenye majukwaa hawakulala usingizi. WhatsApp iliweka mwaka 2019 kikomo cha kutuma ujumbe mmoja kwa mazungumzo 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ikakaza zaidi kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa sana, hasa kwa sababu ya habari za uongo. Desemba 2020 TikTok iliweka matangazo ya biashara ya ngazi pamoja na ya piramidi katika orodha ya yasiyoruhusiwa. Hatua hizo zina matokeo yanayoonekana katika lugha: jina la kampuni linakwepwa, na tangazo linakuwa mafumbo. "Kuna kitu." "Kuna projet." "Niulize namna gani." Kadiri jukwaa linavyozuia, ndivyo ujumbe unavyopungua maana na kuongezeka mvuto.

Kesi moja inawahusu wanafunzi moja kwa moja. Agosti 2015 FTC ilishitaki Vemma, kampuni ya Arizona iliyouza vinywaji vya kuongeza nguvu. Kampuni hiyo ililenga vijana wa vyuo vikuu, na matangazo yake kwenye intaneti yalionyesha vijana wenzao pamoja na magari ya kifahari, ndege na mashua. Tume ilidai kwamba wengi wa walioingia walipoteza pesa. Kesi ilimalizika kwa makubaliano Desemba 2016: kampuni ilikatazwa kulipa watu kwa kuandikisha tu, na ikakatazwa kudai kipato isichoweza kukithibitisha. Angalia kwamba hakimu hakuhitaji kupima kinywaji. Alihitaji kusoma mpango wa malipo na kutazama picha.

Hapa kwetu Kodi ya dijitali, yaani Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, imeleta sheria kwa biashara ya elektroniki. Wenzetu wa kitivo cha sheria wangefanya vema kutueleza, katika kurasa hizihizi, inamfikia vipi mwanafunzi anayetangaza kwenye statu yake.

Tangazo lingesema nini

Nimeulizwa na wenzangu kama basi ni haramu kuuza sabuni za kampuni ya namna hiyo. Si haramu. Mtu anaweza kuipenda bidhaa, akaiuza kwa majirani na kupata faida ndogo ya halali, na wako wanaofanya hivyo bila kumsumbua mtu. Nilijaribu kuandika tangazo ambalo mtu huyo angeweza kuliweka bila kuficha kitu:

"Ninauza sabuni na dawa ya meno. Sabuni moja ni franga 3,000, na kwa kila moja ninabaki na franga 500. Ninapatikana kampasi saa sita. Ukitaka na wewe kuwa muuzaji, unalipa dola 100, na mimi napata dola 20 ukiingia. Mimi niliingia miezi 8 iliyopita. Nimeshatoa dola 260, nimeshapokea dola 190."

Namba ni za kubuni, lakini kila sentensi ina mtenda, ina kiasi, na inaweza kusomwa mara mbili. Nililionyesha kwa watu kadhaa. Wote walisema jambo moja: kwa tangazo hili mtu anaweza kuuza sabuni, lakini hataandikisha mtu. Nami naona hivyo, na sijui njia nyingine fupi zaidi ya kueleza ni kitu gani hasa kinachouzwa katika matangazo yale mengine.

Linabaki suala la istilahi, ambalo ni letu kabisa. "Biashara ya mtandao" inachanganya, kama tulivyoona. Katika kichwa cha makala hii nimetumia "biashara ya kuandikishana", lakini kiambishi -ana kina kasoro yake: kinadai usawa, mimi nakuandikisha na wewe unaniandikisha, wakati hapa njia ni moja, kutoka juu kwenda chini. "Biashara ya ngazi" inaonyesha angalau kwamba kuna juu na chini, ingawa ngazi ya kawaida humruhusu kila mtu kupanda. "Biashara ya mnyororo" ina uzito mzuri, lakini tayari wachumi wanatumia mnyororo kwa njia ya bidhaa kutoka shambani hadi sokoni. Walimu wa somo la istilahi na wanafunzi wao wana nafasi ya kutusahihisha. Mapendekezo yaletwe kwa kamati ya uandishi kabla ya toleo lijalo, pamoja na mfano wa sentensi.